Siku ya Kutoka, Kengele Zitalia

Jumanne, 5 Machi 2019

Jumanne ya chapati za maji. Kesho Kwaresima. Des amekula saba, kwa limau na sukari, halafu ati tumbo limemjaa, hawezi kupanda ngazi za mnara. Nikamwambia utapanda tu, mume wangu. Akapanda, huku anaguna kila kidato.

Tulikuwa watano. Kengele ni sita. Stuart Brackenbury bado amelazwa mjini, moyo unamsumbua, na ile kengele kubwa ni yake miaka yote. Kwa hiyo kubwa nimeishika mimi. Mabega yananiwaka mpaka sasa.

Nikalitoa la moyoni kabla hawajashika kamba. Tarehe 29, Ijumaa, nchi inatoka Ulaya. Karibu miaka mitatu tangu tupige kura ya maoni, na sasa siku imewekwa kwa sheria. Basi siku hiyo kengele zote za Wragmere zitalia. Nimesema!

Ungesikia popo akijikuna kule juu.

Wendy ndiye wa kwanza. Mwalimu, anapiga ile ndogo inayoongoza, na mkono wake hauna mfano — hilo nampa. Akauliza, kengele za furaha? Furaha ya nani? Nikamwambia ya walioshinda, mwenzangu, kwani ukishinda mpira unavaa nyeusi? Akasema hatashika kamba siku hiyo. Wapigaji wetu wengine wawili, mume na mke wa nyumba ya kinu, wakatazamana. Hao kila upepo ukivuma wanainama. Wakasema wao na Wendy.

Des anaangalia viatu vyake. Najua alivyopiga kura. Yeye kubaki, mimi kutoka, tukarudi nyumbani kwa gari moja tukala viazi.

Nitapata watu. Nishindwe na Wendy? Thubutu!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeitwa kwa Mchungaji Philippa. Chai na keki ya ndizi. Kwaresima yenyewe ndiyo hii! Kwa Philippa hakuna jambo lisilomalizwa kwa keki.

Anasema wazee wa kanisa wamekaa. Kengele ni za kumwita mtu kwa Mungu, si za chama. Nikamwuliza: Malkia alipotimiza miaka tisini tulipiga asubuhi nzima. Malkia naye ni Mungu? Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema, Glenda, nusu ya watu hapa watalia siku hiyo, na wewe unataka kuwapigia kengele juu ya vichwa vyao. Ukipiga bila ruhusa itabidi nikuombe ufunguo wa mnara.

Ufunguo! Miaka ishirini na sita mimi ni nahodha wa wapigaji wa mnara huu. Nimeshika kamba tangu nina miaka kumi na mmoja. Sina digrii, sina mtoto, sina hata sauti ya kuimba kwaya. Nina mnara. Anajua hivyo. Ndiyo maana amepagusa hapo hapo.

Nikamwambia keki tamu, asante, nikaondoka.

Na niandike hili, kwa kuwa hakuna anayeniuliza bila kunicheka. Maisha yangu yote nimepiga kura hapa. Hapa hata ukisimamisha gunia la viazi, mradi la chama kile kile, litaenda bungeni. Kura yangu haijawahi kuhesabika hata siku moja. Basi la kijiji lilipoondolewa, tuliandika, hakuna aliyesoma. Shule ilipofungwa vivyo hivyo. Mara moja tu — moja! — nilitia karatasi kwenye sanduku, na kesho yake nchi nzima ikatikisika. Sasa wananiambia nilidanganywa, sikuelewa, nirudie. Sirudii. Niliisoma karatasi ile, ilikuwa na maneno machache kuliko pakiti ya unga.

Jumanne, 12 Machi

Bunge limeukataa tena mkataba wa kutoka. Mara ya pili. Tulikuja mazoezini watatu tu, mimi, Des na Wendy. Hatukusalimiana vizuri. Tukapiga kidogo tukashuka.

Njiani Des akasema, bibie, huoni kwamba hata hao walioshinda hawakubaliani wameshinda nini? Nikamwambia angalia njia, kuna barafu. Hakukuwa na barafu.

Jumamosi, 16 Machi

Loo, siku ya leo!

Nilimwendea Roy Maltby baani. Mkulima wa viazi, trekta lake lina bendera kuliko meli ya vita, na kila Jumapili anapiga kelele kwamba tumesalitiwa. Nikamwambia kelele zote hizi, Roy, nipe mikono. Nipe watu wanne wa kupiga kengele. Akagonga meza: Mama, utapata! Si kuvuta tu kamba?

Si kuvuta tu kamba. Mungu wangu.

Wamekuja wanne, wananuka bia saa nne asubuhi. Nikaeleza. Kengele inasimama kichwa chini, mdomo juu. Unaiangusha, inazunguka, inarudi kusimama upande wa pili, nawe unaipokea. Unaisikiliza. Huivuti, unaiacha ije. Ikifika unaachia kile kishikio cha sufu. Unaachia! Nimesema mara tatu.

Roy hakuachia. Kengele ikamchukua. Nimemwona mtu wa kilo mia moja na kitu anapaa kuelekea dari, buti zinachezacheza, anaita mama yake. Juu nikasikia ule ubao unaoizuia kengele isipitilize umekatika, paa! Akaanguka juu ya wenzake. Hajavunjika kitu ila heshima.

Mwingine akasema hii ni kazi ya watu waliosoma. Nikamwambia nimeacha shule nina miaka kumi na tano, toka mnarani kwangu.

Jioni Des akapanda kurekebisha ubao. Mchana kutwa alikuwa amejizuia, alipofika juu nikamsikia anacheka peke yake kama mwehu. Nami nikacheka, ila chini, asinisikie. Wanaotaka kengele zilie hawajui kuzipiga, na wanaojua kuzipiga hawataki zilie. Sijui nitapata wapi mikono sita.

Ijumaa, 22 Machi

Wameahirisha.

Wameahirisha! Usiku wa jana, huko Brussels, wakubwa wa Ulaya wamekaa na chakula chao, wakatupa tarehe nyingine. Labda 12 Aprili, labda Mei. Labda! Tarehe 29 iliandikwa kwenye sheria, nimeiona kwenye gazeti, herufi kwa herufi. Sasa ni siku ya kawaida ya kuosha nguo.

Philippa alipita na baiskeli. Akasema kwa upole, basi Glenda, suala limejimaliza lenyewe. Halijajimaliza, nikamwambia. Limemalizwa na watu.

Des alikuwa jikoni anapaka rangi bango lake la kesho. Anakwenda London kuandamana na hao wanaotaka kura irudiwe. Juu ya meza yangu! Kwa rangi yangu, ile ya mlango wa banda! Nikasoma: TUULIZENI TENA. Nikamwuliza nani kakufundisha kuandika, herufi zimelala. Akasema zimelazwa na upepo.

Halafu tukagombana kweli. Sitaki kuyaandika yote. Alisema watu wataumia. Dawa zitachelewa bandarini, wachumaji wa kabichi watarudishwa kwao, Ireland kutachafuka. Nikasema, waumie wasiumie, kilichoamuliwa na wengi kinatekelezwa. Hiyo ndiyo maana ya kuamua. Ukianza kuuliza nani ataumia hutatekeleza kitu chochote duniani. Akasema, hilo hukulisema wewe, Glenda, limesemwa na hasira yako. Nikamwambia hasira yangu na mimi tunalala kitanda kimoja, wewe nenda kalale chumba cha wageni.

Amekwenda. Anakoroma mpaka huku.

Jumamosi, 23 Machi

Nimemfungia mkate wa jibini na achari. Adui naye hula.

Kwenye televisheni watu wamejaa London kama siagi kwenye mkate. Wanasema milioni. Nimetafuta bango lililolala sikuliona. Nimelitafuta saa mbili nzima, mjinga mimi, na viazi vikaungua.

Amerudi usiku, miguu imevimba, uso unang'aa. Akasema hakuona watu wapole vile maishani. Nikamwambia wapole kwa kuwa wanapata wanachotaka. Nikampa maji ya moto ya kulowekea miguu.

Jumatano, 27 Machi

Nimekwenda kumwona Ivy, mama yake Stuart. Miaka themanini na mitatu. Ndiye aliyenishikisha kamba mara ya kwanza, enzi hizo yeye ndiye mwanamke pekee mnarani, na wanaume wakisema mikono ya mwanamke itatia kengele ufa.

Anafuma soksi. Simu ameiweka magotini, chini ya sufu, asije akachelewa kuipokea. Stuart wamemwekea mashine. Daktari anasema tungoje. Wendy humpeleka kila siku baada ya shule, lakini leo Wendy ana mafua, wamemkataza asiingie wodini, basi na Ivy kabaki. Ningempeleka mimi. Nilisema hivyo. Akasema kesho, mwanangu, kesho.

Nikamwambia Stuart aliniahidi mwezi wa kwanza: siku ya kutoka, Glenda, kubwa naipiga mimi mpaka vioo vitikisike. Ivy akatabasamu. Akasema, alikuwa anapenda kelele tangu mdogo. Halafu: mimi msinitie kwenye kura zenu, sikupiga. Siku ile nilikuwa nachuma matunda.

Jioni bungeni wamepiga kura juu ya njia nane. Nane! Zote hapana. Hawataki kutoka, hawataki kubaki, hawataki kusimama, hawataki kukaa. Hata mtoto wa miaka miwili huwa anajua anataka biskuti.

Nimeamua. Tarehe 29 ni keshokutwa, na waahirishe wanavyotaka. Kama hawatatekeleza wao, mnara wa Wragmere utatekeleza.

Ijumaa, 29 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilimpeleka Ivy hospitali kama nilivyoahidi — hapana, hiyo ilikuwa jana. Naanza upya.

Mchana redio ikasema mkataba umekataliwa mara ya tatu. Siku yenyewe ya kutoka! Nikazima redio. Des alikuwa kwenye banda la kioo na miche yake ya nyanya. Roy na genge lake wamekwenda London kupeperusha bendera mbele ya bunge. Hakuna mtu. Nikavaa koti nikachukua ufunguo.

Nikafunga mlango wa mnara kwa ndani. Kubwa niliiacha imesimama mdomo juu tangu Jumanne, makusudi. Mtu mmoja hapigi kengele sita. Mtu mmoja anapiga moja, na nikipiga moja nitapiga ile inayosikika mpaka mashamba ya mwisho. Nikapanga nipige mara hamsini na mbili. Hamsini na mbili katika kila mia ndio tuliosema kutoka. Wanaojua kuhesabu na wahesabu!

Nilitaka kuipiga haraka, kwa shangwe. Lakini ile haiharakishwi. Kilo mia sita za shaba zina mwendo wake. Ikawa inakuja polepole, inasimama, inarudi. Nikawa nahesabu kwa sauti. Ishirini. Thelathini. Jasho linaingia machoni. Sijawahi kupiga vizuri hivi maishani, naapa. Kila pigo nikasema, hili la basi. Hili la shule. Hili la gunia la viazi. Hamsini na mbili nikaisimamisha, nikakaa sakafuni, nikacheka. Nilikuwa na furaha. Nitaiandika hapa kwa kuwa ni kweli: nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi.

Nikachungulia kwenye tundu la dirisha. Watu wametoka kwenye malango yao. Wamesimama. Mzee wa duka la nyama amevua kofia. Nikasema moyoni, wamenielewa! Hata wao wamenielewa!

Mlango ukagongwa chini. Des. Fungua, Glenda. Nikasema kama umekuja kunikamata lete polisi. Akasema, Glenda, nani kakupigia simu? Lini amekufa?

Nani?

Stuart, akasema. Nilihesabu nikiwa na nyanya. Hamsini na mbili.

Hapa kwetu mtu akifa kubwa hupigwa peke yake, polepole, pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake. Mimi nahodha ndiye nipigaye. Nimewapigia watu wote wa kijiji hiki kwa miaka ishirini na sita. Baba yangu. Mama yangu. Na keki ya Stuart ya kutimiza hamsini na mbili, mwezi wa kwanza, niliioka mwenyewe, nikaiandika namba kwa sukari nyekundu. Sikufikiri. Nilikuwa nafikiri asilimia!

Nikashuka sijui vipi. Ivy alikuwa ameshafika lango la makaburi. Slipa za nyumbani, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, simu mkononi. Wendy amemshika kiuno. Uso wa Ivy, siuandiki.

Akaniuliza, ni Stuart wangu? Mbona hawakunipigia? Niliishika simu wakati wote.

Nikasema hapana, Ivy. Hapana. Ni mzima. Ilikuwa ni kura.

Akasema, kura gani?

Nikamweleza. Nilisimama pale mbele ya mama wa watu nikamweleza asilimia. Wendy akasema, Mungu akusamehe, Glenda, kwa kuwa mimi siwezi. Wakapiga simu hospitali, ikachukua muda, wakasema hali ni ile ile. Ivy akakaa juu ya ukuta, akavaa mkono wa pili wa koti, taratibu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Jumamosi, 30 Machi

Sijaua mtu.

Naandika tena: sijaua mtu. Nilikosea hesabu ya — hapana, hesabu sikukosea. Kila mtu ana haki ya kukosea ila mimi? Wao bungeni wamekosea mara tatu na bado wanalipwa.

Philippa kapiga simu. Ufunguo aupate kesho kabla ya ibada. Nikasema sitoi. Akasema, Glenda, huu si mjadala. Nikamwambia kila kitu ni mjadala siku hizi, huoni televisheni? Nikakata.

Roy Maltby kaja na chupa ya pombe kali na watu watatu. Shujaa wetu! Ati habari zimemfikia London, mwanamke mmoja peke yake mnarani, mapigo hamsini na mbili, akawaonyesha Wabaki! Anataka kunipiga picha na bendera. Nikamwuliza, unajua Ivy Brackenbury alikimbia na slipa? Akasema, aah, mama, kila vita ina majeruhi.

Nikamfungia mlango usoni. Chupa nikaichukua, sikumrudishia.

Des hanilaumu. Hiyo ndiyo inayonitia wazimu. Amerudi kitandani kwetu bila kuambiwa, anazungumza habari za nyanya.

Jumapili, 31 Machi

Saa zimesogezwa mbele, na Jumapili ya kina mama. Nimekwenda kanisani, ufunguo mfukoni. Mtu asidhani nitajificha. Nikakaa kiti changu kile kile. Watu wa mbele yangu wakasogea kidogo, si sana.

Kengele hazikupigwa. Hakuna aliyekuja kuniomba kufungua, nami sikujitolea. Ibada ikaanza kavu kama mkutano wa benki.

Watoto wakapita kugawa vishada vya maua kwa wanawake wote, mama na wasio mama. Mimi nikapewa cha nasisi, yale maua ya njano. Kabinti kakaniambia hongera. Kiti cha Ivy kitupu. Nikakaomba kale kabinti kishada cha pili, nikakipeleka kwa Ivy baada ya ibada. Nikagonga. Pazia likacheza. Nikagonga tena. Nikaviacha vyote viwili kizingitini, cha kwake na cha kwangu.

Philippa alinikuta njiani. Hakutaja ufunguo. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nikarudi nayo nyumbani.

Jumatatu, 1 Aprili

Stuart amefariki. Saa kumi jioni. Ivy alikuwepo, amemshika mkono.

Bungeni njia nne tena, zote hapana. Des akazima.

Jumanne, 2 Aprili

Tangu jana jioni watu wanatoka nje kusikiliza. Nimewaona. Wanamwaga majani ya chai, wanasimama kidogo, wanaangalia mnara, wanaingia. Kila aliyekufa Wragmere amepigiwa siku ile ile au kesho yake. Wakati wa vita tu serikali ilizuia kengele.

Philippa alikuja asubuhi. Hakuja na keki. Akasema wazee wameafikiana Stuart apigiwe leo saa sita, na kwa kuwa hakuna mwingine aiwezaye kubwa, nipige mimi. Baada ya hapo nitoe ufunguo. Nikasema vizuri. Nilikuwa nimeshapanga kupiga, aniruhusu asiniruhusu. Stuart mwenyewe alikuwa mpigaji. Kengele hiyo ilikuwa yake. Atazikwa kama mbwa, kimya kimya, kwa sababu mimi nilipiga Ijumaa? Hapana! Nitapiga, na safari hii nitapiga kama inavyotakiwa, na kila mtu atasikia tofauti.

Halafu akaja Wendy. Mafua bado, pua nyekundu. Hajakanyaga nyumba hii tangu mwezi wa pili. Des akamvutia kiti, akamwekea chai.

Akasema ametumwa na Ivy. Ivy hataki kengele.

Nikasema ana uchungu, tumwache kwanza.

Wendy akasema, hana hasira, Glenda. Nimemwuliza mara mbili. Amesema za mwanawe ameshazisikia. Amezihesabu zote, moja moja, toka jikoni mpaka lango la makaburi, na zilikuwa sawa. Hawezi kuzisikia tena.

Des akaangalia viatu vyake.

Nikaanza. Nikasema lakini desturi ni desturi. Wazee wa kanisa wameamua. Kijiji kizima kinangoja, kila nyumba, waliotaka kutoka na waliotaka kubaki, hili peke yake ndilo wanalokubaliana. Wote wanataka zipigwe. Wote. Hatuwezi kuacha kwa ajili ya mmoja —

Nikasikia sauti yangu. Wendy naye aliisikia. Hakunicheka. Ningemrukia angecheka.

Sasa ni saa tano na nusu. Nimepanda chumbani, nimesema nakwenda kuvaa viatu. Ufunguo uko hapa kitandani. Wendy bado yuko jikoni, anataka jibu ampelekee Ivy, au nimpelekee mwenyewe, amesema, itakuwa bora nimpelekee mwenyewe. Nje wameshaanza kusimama malangoni. Namwona mzee wa duka la nyama, kofia ameishika tayari.

Des ananiita kutoka chini. Anasema, bibie, unakwenda wapi, mnarani au kwa Ivy, nichukue koti lipi?

Nimevaa kiatu kimoja.